Jicho la Sinema na Sanduku la Kura

Kuonyeshwa jambo na kulijua jambo ni vitu viwili, ijapokuwa hufanana kama shilingi kwa ya pili. Aliyeonyeshwa ana picha kichwani mwake. Ajuaye ana sababu. Mimi ni mwalimu, na nusu ya kazi ya mwalimu ni kuonyesha, kwa hiyo sisemi haya kwa kuyadharau macho. Nasema kwa kuwa yapo mambo ambayo macho huyafikia mara moja, na yapo mengine ambayo macho huishia mlangoni tu. Nataka, msomaji, tulipime neno hili kwa mfano wa wizi wa kura, ambao nchi yetu imeulipia kwa roho za watu, na kwa mfano wa sinema za mambo ya kweli zinazousimulia wizi huo.

Sinema ninazozisema si zile za visa vya kubuni. Katika hizi watu ni watu halisi, damu ni damu na machozi ni machozi. Zamani ilimpasa mtu kununua tikiti na kukaa gizani katika jumba la sinema mjini. Siku hizi kijana wa Kisauni huitazama sinema katika simu yake ndani ya matatu, na mwenzake wa Likoni huimaliza kabla feri haijafunga gati. Akishuka, ana hasira kifuani na ana hukumu mdomoni. Hasira hiyo ameipataje, na hukumu hiyo ameitoa kwa haki gani? Hilo ndilo swali letu.

Kwanza tuitazame kura yenyewe. Kura ni kitu cha siri. Sheria imemjengea mpiga kura kibanda, ikamkataza mtu yeyote asichungulie, na karatasi yake haina jina. Sinema ni kinyume cha hayo yote: haina kazi pasipo kuonekana. Basi vitu hivi viwili vinapokutana, hukutana kwa taabu. Mwizi wa kura haibi kama mwizi wa kuku. Yeye huiba ndani ya hesabu: karatasi zilizozidi idadi ya waliofika, tarakimu iliyogeuzwa katika fomu, marehemu aliyepiga kura. Kamera yaweza kuuonyesha mkono unaoandika 310, lakini haiwezi kuonyesha kwamba zilizohesabiwa zilikuwa 130, mpaka mtu alete karatasi nyingine ya kulinganisha. Mtengenezaji wa sinema anayetaka kuthibitisha wizi wa namna hii anajaribu kupiga picha ya kitu kisicho na sura.

Uliwahi kuwapo, hata hivyo, uchaguzi ambao wizi wake ulikuwa na sura. Mwaka wa 1988 KANU, kilichokuwa chama pekee nchini, kiliteua wagombea wake wa ubunge kwa mlolongo. Watu walijipanga nyuma ya mgombea, au nyuma ya wakala aliyeishika picha yake, wakahesabiwa mchana kweupe. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alikwisha kuwa mbunge. Hapakuwa tena na haja ya kura ya siri. Katika sehemu kadha wa kadha mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu, mbele ya watu waliokuwa wamesimama ndani yake. Mwenye macho haambiwi tazama, wasema wahenga. Lakini macho yale yote hayakufaa kitu. Watu walipotawanyika hapakubaki karatasi ya kuhesabiwa mara ya pili, na simu zenye kamera zilikuwa bado hazijazaliwa. Hapo picha moja iliyopigwa kutoka juu ya mti ingalikuwa shahidi bora kuliko mawakili kumi. Nakumbusha jambo hili mapema ili asitokee mtu wa kudhani kwamba naitetea karatasi dhidi ya picha. Kila shahidi ana mahali pake pa kusimama.

Sasa tuutazame uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Aliyekuwa na televisheni alishuhudia ugomvi katika Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta jijini Nairobi, ambako hesabu zilijumlishwa: wanasiasa wakipiga kelele, polisi wakiingia, na mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, akiondoka ukumbini. Desemba 30 matokeo yalitangazwa katika chumba kidogo mbele ya kamera za shirika la utangazaji la serikali, na jioni ile ile Rais Mwai Kibaki akaapishwa. Picha hizo zimetiwa katika sinema nyingi tangu wakati huo, na yeyote azitazamaye huona kwamba wizi ulifanyika palepale, ndani ya jumba lile, mbele ya macho yake. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao.

Mwaka wa 2008 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Johann Kriegler, jaji mstaafu wa Afrika Kusini. Tume ile haikupata ushahidi kwamba kura ziliibwa jumbani. Ilikuta kwamba uozo ulianzia vituoni, mbali na kamera, na ya kwamba masanduku yalijazwa kura za uongo katika ngome za pande zote mbili. Ilikisia kwamba daftari la wapiga kura lilikuwa na majina ya marehemu wapatao milioni 1.2. Mwisho ikasema kwamba uchaguzi uliharibika kiasi ambacho hakuna mtu yeyote awezaye kuyajua matokeo ya kweli. Tafakari neno hilo, msomaji. Kamera zilikuwa Nairobi, na ugonjwa ulikuwa katika vituo vya mbali. Tena sinema hupenda mwizi mmoja na mwibiwa mmoja, kwa kuwa hadithi ya namna hiyo huenda vizuri. Ripoti ilileta wezi wa pande mbili na mwibiwa aliyekuwa nchi nzima. Sijui sinema ambayo ingeweza kuibeba habari hiyo kwa saa moja na nusu pasipo watazamaji kusinzia.

Je, tuseme basi kwamba sinema haina kazi katika jambo hili? La, hasha. Zipo sinema zilizoijua kazi yake zikaifanya. Mwaka wa 2020 Mkenya Sam Soko alitoa sinema iitwayo Softie, ambayo inamfuata Boniface Mwangi, mpiga picha aliyejulikana kwa picha zake za machafuko ya 2007 na 2008, alipogombea ubunge wa Starehe mwaka wa 2017. Mgombea huyu alikataa kuwapa wapiga kura fedha, na mtazamaji anaona namna watu wanavyozitarajia fedha hizo kama haki yao. Hapa kamera haihesabu kura. Inatuonyesha kitu ambacho hakuna fomu inayokiandika: uso wa mtu anayeuza sauti yake kwa bei ya unga, pasipo hata kuona haya. Sinema hiyo ilipata tuzo katika tamasha la Sundance huko Marekani, na tuzo yenyewe ilikuwa ya uhariri, yaani ufundi wa kuzikata picha na kuziunganisha. Ni jambo la kukumbukwa. Kilichosifiwa pamoja na mengine ni mkasi. Siku nyingi sana za maisha ya watu zilikatwa ili zipatikane dakika zisizofika mia moja, na waliobaki nje ya dakika hizo hawana pa kujibu. Asiyekuwapo na lake halipo.

Sinema ya pili inatoka kwa jirani zetu wa Uganda. Bobi Wine: The People's President, iliyotengenezwa na Moses Bwayo na Christopher Sharp, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2022, na mwaka wa 2024 ilikuwa miongoni mwa zilizoshindania tuzo ya Oscar. Inamwonyesha mwanamuziki aliyegombea urais dhidi ya Yoweri Museveni katika uchaguzi wa Januari 14, 2021. Mikutano inavunjwa, wasaidizi wanakamatwa, intaneti inazimwa siku moja kabla ya kura, na baada ya kura askari wanaizingira nyumba ya mgombea hata mahakama inapoamuru waondoke. Bwayo mwenyewe alipigwa risasi ya mpira usoni alipokuwa akipiga picha, na baadaye akaihama nchi yake. Ukiuliza, je, sinema hii imethibitisha kwamba asilimia 58 alizotangaziwa Museveni ni za uongo? Haikuthibitisha, wala haikuweza. Ombi la kupinga matokeo lilipelekwa mahakamani, kisha likaondolewa na mwombaji mwenyewe aliyesema kwamba hawaamini majaji, kwa hiyo hesabu hazikupata kupimwa. Lakini sinema imethibitisha jambo jingine, nalo si dogo: kwamba mtu aliyefungiwa nyumbani kwake hakushindana kwa haki, hata kama kila kura ilihesabiwa sawasawa. Jambo hilo lina sura, na kamera iliiona.

Sasa nitakupeleka mbali na kwetu, kwa sababu mfano ulio wazi kuliko yote umetoka Marekani. Mei 2022 Dinesh D'Souza alitoa sinema iitwayo 2000 Mules, maana yake nyumbu 2,000. Nyumbu hao ni watu waliodaiwa kulipwa ili wachukue kura za watu wengine na kuzitia katika masanduku ya barabarani katika uchaguzi wa urais wa 2020. Ushahidi ulikuwa wa namna mbili: habari za mienendo ya simu, na picha za kamera za ulinzi zinazoonyesha watu wakitia karatasi masandukuni. Mmoja wa watu hao, raia wa jimbo la Georgia, alionekana akitia karatasi 5, na msimulizi akasema kwamba kinachoonekana ni uhalifu. Wachunguzi wa jimbo walipomfuata mtu huyo, walikuta kwamba karatasi zile 5 zilikuwa yake, ya mkewe, na za watoto wao 3 waliokwisha kuwa watu wazima, jambo linaloruhusiwa na sheria ya jimbo lile. Alifungua kesi. Mei 2024 kampuni iliyoisambaza sinema iliiondoa sokoni na kumwomba radhi, na mwishoni mwa mwaka huo D'Souza naye akaomba radhi, akikiri kwamba picha alizozionyesha hazikuwa na uhusiano na zile habari za simu.

Picha ya mtu yule haikuwa ya uongo. Hakuna aliyeichora wala kuibadilisha. Mtu halisi alitia karatasi halisi katika sanduku halisi. Uongo uliingia pale sauti ya msimulizi ilipokutana na picha isiyoweza kujibu. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa miaka miwili, na njiani mamilioni ya watu waliazima macho ya mtu mwingine wakidhani ni yao. Wapo ambao mpaka leo hawajayarudisha.

Usiseme kwamba hayo ni mambo ya ughaibuni. Hapa kwetu Mombasa tunayo malighafi ya sinema kama hiyo. Uchaguzi wa Agosti 9, 2022, sisi tulipewa karatasi 5 badala ya 6. Ya sita, ya gavana, ilikuwa imeondolewa, kwa kuwa siku moja kabla ya uchaguzi tume ilitangaza kwamba karatasi za ugavana za Mombasa na Kakamega zimechapishwa kwa makosa, zikiwa na picha zisizostahili. Uchaguzi wa gavana ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, ukafanyika Agosti 29. Karatasi zilichapishwa Ugiriki.

Haya, chukua kamera. Nenda Changamwe asubuhi ya tarehe 9, umpige picha mama mzee aliyesimama foleni tangu alfajiri, akiuliza karatasi ya sita iko wapi. Nenda Kisauni umsikilize kijana anayesema kwamba jambo hili limepangwa ili watu wa Pwani wakate tamaa wasijitokeze. Nenda Likoni kivukoni, upige picha ya mabango ya wagombea yakipeperuka juu ya watu wanaokimbilia kazini. Tia muziki mzito. Umekwisha kupata sinema ya njama, na kila picha yake ni ya kweli. Sasa chukua kamera ile ile umwonyeshe mfanyakazi wa kiwanda cha uchapishaji anayekosea faili, karani aliyechoka asiyezitazama karatasi kabla hazijafungwa, na mwenyekiti anayetangaza kosa lake mwenyewe mbele ya taifa. Umepata sinema ya uzembe, nayo pia ni ya kweli. Zitazame zote mbili mara kumi, na bado hutajua ipi ndiyo habari kamili, kwa sababu nia ya mtu haipigwi picha.

Jambo hilo lilipelekwa mbele ya Mahakama ya Juu pamoja na malalamiko mengine ya uchaguzi wa urais. Septemba 5, 2022 majaji wote 7 waliamua kwamba hapakuwa na ushahidi wa hila: lilikuwa kosa la kweli, lakini kosa ambalo lingeepukika lau maofisa wa tume wangekuwa makini zaidi walipokwenda kwa wachapishaji. Ukiniuliza mimi, hukumu hiyo ni chungu kwa namna yake, maana mtu hupenda zaidi kuibiwa na mwerevu kuliko kupotezewa haki yake na mzembe. Nadhani hii ndiyo sababu moja inayofanya sinema za njama zipendwe. Zinatupa heshima ya kuwa na adui.

Mahakama hiyo hiyo, Septemba 1, 2017, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilikuwa imeubatilisha uchaguzi wa urais kwa majaji 4 dhidi ya 2, jambo ambalo halijapata kutokea Afrika kabla ya hapo. Haikusema kwamba aliyetangazwa mshindi, Uhuru Kenyatta, aliiba. Ilisema kwamba matokeo hayakupelekwa kwa njia iliyoamriwa na sheria, kwamba baadhi ya fomu zilikuwa na kasoro, na kwamba tume ilikataa kufungua mitambo yake kama ilivyoamriwa. Mambo hayo yote ni ya kuchosha. Ni mambo ya mihuri, saini na saa za kutumwa kwa barua. Hata hivyo ndiyo yaliyomrudisha rais wa nchi katika foleni ya wagombea.

Najua pingamizi utakalolileta, maana limekwisha kuletwa na wanafunzi wenye akili. Watasema: Mwalimu, karatasi huandikwa na wenye nguvu, na majaji huteuliwa nao, ukituambia tungoje fomu na hukumu, si umemfunika mwizi shuka? Pingamizi hili lina uzito, na mfano wake uko karibu mno nasi. Agosti 1997 watu wenye silaha walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, na katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa na maelfu ya jamaa zetu waliotoka bara wakakimbia Pwani. Desemba ya mwaka huo ulikuwa uchaguzi mkuu. Aliyekimbia na begi moja hakupiga kura Likoni. Hakuna fomu iliyoandika kura yake kuwa imeibwa, kwa kuwa katika hesabu za vituo yeye ni mtu asiyejitokeza tu, sawa na aliyelala. Kwa mtu kama huyo kamera inayomsikiliza akieleza siku aliyoondoka ni shahidi pekee aliye naye, na serikali inayoiogopa kamera hiyo inajitia yenyewe katika shaka.

Kwa hiyo sikuombi uichague karatasi na kuikataa sinema. Nakuomba uiulize kila sinema jambo moja kabla hujampa hasira yako: je, inachodai ndicho inachokionyesha? Ikidai kwamba watu walipigwa, na nikaona watu wakipigwa, nina deni la kukasirika. Ikidai kwamba kura 10,000 ziliongezwa, na nikaonyeshwa uso wa mtu mwenye huzuni, gari jeusi na mlango uliofungwa, basi bado sijaonyeshwa kitu. Nimefanywa nihisi tu.

Kuna dhara jingine ambalo hata sinema ya kweli yaweza kulileta. Kijana akitazama sinema tatu nne za uchaguzi ulioharibiwa, neno "wameiba" humzoelea ulimini. Kila anayeshindwa ameibiwa. Kila anayeshinda ni mwizi. Mshindwa hana haja tena ya kuleta ushahidi, kwa kuwa wasikilizaji wamekwisha kumwamini kabla hajafungua kinywa, na mwizi wa kweli hufurahi kujificha katikati ya tuhuma elfu za uongo. Lisemwalo lipo, watu husema, na kama halipo laja. Mithali hiyo imewapeleka watu wengi kwenye moto. Kisha kijana huyo hutikisa kichwa na kusema kwamba kupiga kura ni kupoteza wakati, hukaa kibarazani siku ya uchaguzi, na kura yake haibiwi kwa kuwa haikuwapo. Sidhani kwamba kosa hilo ni la mtengenezaji wa sinema aliyesema kweli. Yeye alileta habari. Aliyeigeuza habari kuwa udhuru ni aliyekaa kibarazani.

Mwaka wa 2022 tume iliziweka wazi mtandaoni picha za fomu za vituo 46,229, ili yeyote apendaye azisome na kujumlisha. Kila fomu ya urais ilikuwa na majina 4 ya wagombea, kura za kila mmoja, idadi ya kura zilizokataliwa, na nafasi ya saini za mawakala. Ni hesabu ya shule ya msingi, nayo haina muziki nyuma yake. Nakala ya fomu hiyo, kwa sheria, hubandikwa mlangoni pa kituo hesabu inapokwisha. Aghalabu huwa ni usiku sana, na walinzi wanataka kufunga lango. Anayetaka kuisoma huisoma kwa mwanga wa simu yake.